Mume wangu anataka Boerboel, nami nina watoto wadogo

Swali: Daktari, tumehamia Mbezi mwaka jana na wezi wameshatutembelea mara mbili. Mume wangu ameonyeshwa mtoto wa mbwa aina ya Boerboel mwenye wiki sita. Muuzaji anasema tumfungie banda lenye giza, asizoeane na watu, na tumpe nyama mbichi ili awe mkali. Tuna watoto wa miaka 4 na 9, pamoja na kijana wa kazi. Naomba kujua mbwa huyu ana tabia gani, analelewaje, na je, akishakuwa mkubwa hatatugeuka sisi wenyewe? Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam.

Jibu: Dada yangu, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu naliona ndilo linalokukosesha usingizi. Mbwa hamgeuki mwenye nyumba ghafla kama watu wanavyosimulia. Karibu kila mbwa mkubwa niliyeitwa kumwangalia baada ya kumng'ata mtu wa nyumbani alikuwa ameshatoa ishara kwa miezi. Alikakamaa mtu akipita karibu na sahani yake, alimkazia macho mtoto, alinguruma. Nyumba nzima ilikuwa inajua, ila ilifurahia na kujisifu kuwa ina mbwa mkali. Kwa hiyo la kujiuliza ni hili: nyumbani kwenu yupo mtu mzima mwenye nafasi ya kumlea mnyama huyu kila siku kwa mwaka mmoja na nusu? Kama yupo, Boerboel ni mbwa mtulivu kuliko anavyoonekana. Kama hayupo, msimchukue, na huko chini nitakwambia ningefanya nini mimi mahali penu.

Asili yake ni Afrika Kusini. Walowezi waliokaa kwenye mashamba makubwa, mbali na majirani, walitaka mbwa mmoja wa kazi zote: alinde nyumba, akabiliane na chui na nyani, amshike ng'ombe aliyekataa kuingia zizini. Kwa vizazi vingi hakukuwa na daftari la ukoo. Mbwa aliyefanya kazi alibakizwa na aliyeshindwa hakuzalishwa. Damu ya Bullmastiff, mbwa wa Uingereza walioingizwa nchini humo kulinda migodi ya almasi, nayo ilichanganyika humo. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1983 wilayani Senekal, jimbo la Free State, ndipo kazi ya kuwachagua na kuwaandikisha ilipoanza kwa utaratibu. Dume aliyekomaa hufika takriban sentimita 66 begani na kilo 60 hadi 80, na wapo wanaozidi hapo. Manyoya ni mafupi, kichwa kipana, shingo nene. Huishi kama miaka 9 hadi 11, ambayo kwa mbwa wa umbo hilo si haba.

Kilichokuja pamoja na historia hiyo ni tabia. Kule shambani mbwa huyu aliishi na familia. Watoto walicheza mbele yake na vibarua waliingia na kutoka. Ndiyo maana anashikamana sana na watu wake na hanawiri akifungwa nyuma ya nyumba peke yake. Hana kelele nyingi. Akisikia kitu getini huinuka, hutazama, husogea na kusimama kati ya mgeni na watu wake, na hapo ndipo tatizo linapoanza, maana akishaamua kusimama harudi nyuma kirahisi. Mbwa wengine asiowajua, hasa wa jinsia yake, wengi wao hawawavumilii. Silika ya kulinda eneo huja yenyewe, kati ya mwaka mmoja na miwili, kama ndevu kwa kijana wa kiume. Hakuna haja ya mtu kuja kumfundisha.

Sasa muuzaji anakwambia mumfungie gizani. Nimeshalisikia hili Arusha, Nairobi na hapa Dar, na wengine huongeza pilipili kwenye chakula au hata bangi. Matokeo yake ni mbwa mwoga. Ubongo wa mtoto wa mbwa una kipindi kifupi, tangu wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na nne, ambacho unapokea mambo mapya kama ya kawaida. Alichokutana nacho humo kwa wema hakimtishi ukubwani. Asichokutana nacho, iwe ni mtoto anayekimbia, mwanamke aliyevaa baibui, mzee mwenye mkongojo, bodaboda au mtu aliyejitwika gunia, kitamtisha akiwa na kilo 65 na taya za kuvunja mfupa. Mbwa mwenye hofu hachagui. Atamvaa mwizi, sawa, lakini siku nyingine atamvaa msoma mita ya maji, mama mkwe wako, au rafiki wa mwanao aliyeingia kuchukua mpira. Mbwa anayejiamini ndiye anayeweza kutofautisha, kwa sababu ameshaona watu wa kutosha kujua yupi anafanya jambo la ajabu.

Kwa hiyo fanyeni kinyume kabisa. Akifika, mbebeni kwenye gari mpite naye sokoni, stendi, karibu na shule wakati wa kutoka. Msimshushe chini mitaani kabla chanjo hazijakamilika, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika, hukaa kwenye udongo miezi mingi, lakini kuona na kusikia akiwa mikononi hakumdhuru. Waleteni nyumbani watu wa kila aina, wampe kipande cha dagaa waondoke. Msiogope kwamba ataacha kulinda. Mbwa huyu hakuzalishwa kwa miaka yote hiyo ili akasahau kazi kwa sababu shangazi alimpa dagaa.

Nyama mbichi haina uhusiano wowote na ukali. Ina uhusiano na minyoo. Msimlishe utumbo, mapafu wala maini mabichi ya mbuzi na kondoo kutoka machinjioni, kwani humo ndimo mna mafuko ya mnyoo mdogo ambaye mbwa akimpata humwaga mayai yake kupitia kinyesi, na mtoto akiyameza huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umesumbua watu kwa miongo mingi kwa sababu ya ukaribu wa mbwa, mifugo na watu. Chemsheni, basi.

Nimeona umemtaja kijana wa kazi, na hapa nataka shemeji asome mwenyewe. Mbwa wengi wakubwa wa Dar wana mwenye pesa na wana mwenye mbwa, na hao ni watu wawili tofauti. Baba ananunua, kijana analisha, anafungua usiku, anafunga asubuhi. Baba hajawahi kumshika hata sikio. Kisha kijana anakwenda kwao msibani Singida na harudi, na kwa siku tatu hakuna mtu anayeweza kufungua banda. Nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo kuja na sindano ya usingizi ili tu mnyama apewe maji. Mbwa mwenyewe hana kosa, amemlinda mtu pekee anayemjua.

Kama mnamchukua, shemeji amlishe kwa mkono wake walau mlo mmoja kwa siku, wewe mwingine, na yule wa miaka 9 aseme "kaa" kabla sahani haijawekwa, mtu mzima akiwa hapo. Amri zinazotosha kuanzia ni nne: kaa, njoo, acha, na mahali pako. Mfundisheni kwa chakula na sauti ya kawaida, dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku. Fimbo haifai. Kwanza, kipindi cha kumzidi nguvu ni kifupi sana. Akifikisha miezi minane amewashinda wote hapo nyumbani. Pili, mbwa aliyepigwa hujifunza kwamba mkono ukiinuka kuna maumivu, na mtoto wa miaka 4 huinua mikono siku nzima. Mzoesheni pia kamba na mkanda wa shingo tangu wiki ya kwanza, kushikwa mdomo, kutazamwa masikio, kukatwa kucha. Siku nikimtibu mtakumbuka kwa nini nilisema. Na kifunga mdomo, kile cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, azoee akiwa bado mdogo ili kisimtie wazimu siku kitakapohitajika.

Kuhusu watoto wenyewe, kanuni yangu haina upole: mtoto wa chini ya miaka kumi haachwi peke yake na mbwa wa kilo 60, hata kama wamelala pamoja tangu mbwa akiwa na wiki nane. Sababu ya kwanza wala si meno. Mbwa akigeuka kwa furaha, mkia na kiuno chake vinamwangusha wa miaka 4 chini kwenye sakafu. Watoto wafundishwe kutomsumbua akila, akilala au akitafuna mfupa wake, na kutomkumbatia shingoni. Watu wazima mjifunze kusoma mwili: mbwa anayeganda ghafla, anayegeuza uso huku jicho limebaki kwako na weupe wake unaonekana, anayelamba midomo bila chakula, anaomba aachwe. Akinguruma, msimwadhibu. Ondoeni mtoto, kisha tafuteni sababu. Mbwa aliyekatazwa kunguruma hung'ata bila kutangulia kusema. Na ikitokea mtu ameng'atwa au kukwaruzwa, na mbwa yeyote yule, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza.

Tuje kwenye chakula, kwani nyumba nyingi zenye nia njema huharibu mbwa mkubwa hapa. Kiumbe huyu anazaliwa hajafika kilo moja na ndani ya miezi kumi na minane anatakiwa awe na kilo 60 au zaidi. Mifupa yake hukua kwenye sehemu laini za mwisho wa kila mfupa, na sehemu hizo hazijafunga hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Ukimharakisha, mwili unatangulia mifupa. Unapata nyonga isiyokaa vizuri kwenye kikombe chake, kiwiko kinachochechemea, miguu ya mbele inayopinda nje. Watu wanaona mtoto mnene wa miezi mitano wanapiga picha. Mimi naona baridi yabisi ya miaka minne ijayo.

Mbavu zake zisionekane kwa mbali, lakini ukipitisha viganja ubavuni uzihisi bila kubonyeza. Ukizikosa, punguza. Kuna utafiti mmoja wa Marekani uliochukua mbwa 48 aina ya Labrador, nusu yao wakapewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao, maisha yao yote. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwapata kwa kuchelewa. Hakuna dawa niliyo nayo kabatini inayoweza kukupa miaka miwili.

Jambo la pili ni kalsiamu. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hana uwezo mzuri wa kuikataa ikizidi. Inaingia tu mwilini na kuvuruga mifupa. Ukiwa unamlisha chakula kikavu kizuri cha mfuko, halafu ukamwongezea unga wa mifupa, chokaa ya kuku au vidonge ulivyoshauriwa dukani "ili awe na mifupa minene", unamlemaza kwa gharama yako. Viwango vya Marekani vinataka chakula cha watoto wa mbwa watakaozidi kilo 32 kisipite asilimia 1.8 ya kalsiamu. Tafuteni mfuko unaosema wazi kuwa ni wa watoto wa mbwa wakubwa. Si kila mfuko wenye picha ya Rottweiler umetengenezwa kwa ajili yake.

Najua wengi hatuna uwezo wa mifuko hiyo mwaka mzima, basi niseme kuhusu ugali. Ugali wenyewe si sumu. Mahindi yaliyopikwa mbwa huyameng'enya vizuri. Tatizo ni ugali mwingi na dagaa wa kuonja tu, au nyama tupu bila chanzo cha kalsiamu, ambayo hufanya mifupa iwe laini hadi ivunjike kwa kuruka kochi. Ukipika nyumbani kwa mtoto wa mbwa huyu, njoo tukokotoe pamoja kwa uzito wake, usikadirie. Kwa mbwa aliyekomaa unaweza kuchanganya: dona, dagaa waliooshwa mchanga, nyama au vichwa vya kuku vilivyochemshwa na kusagwa, mboga kidogo, mafuta kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa ikiwa mizima hapana, inapasuka kama vijiti. Vitunguu, chokoleti na zabibu hapana kabisa. Unga ulioingia ukungu, ule ambao mama mwenye duka anauza kwa bei ya chini "kwa ajili ya mbwa", tupeni. Sumukuvu ile ile iliyoua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 huharibu ini la mbwa haraka zaidi.

Kiasi? Boerboel wa kilo 65 anayelinda uani, asiyefanya mazoezi makali, huhitaji kama gramu 600 hadi 750 za chakula kikavu kizuri kwa siku. Piga hesabu: ni kilo 20 hivi kwa mwezi, kila mwezi, miaka kumi. Shemeji aitazame hesabu hiyo kabla ya kutazama bei ya mtoto wa mbwa, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote.

Lipo jambo moja la ulishaji linaloua mbwa wakubwa usiku, na desturi yetu inalialika. Mbwa amefungwa tangu asubuhi. Saa mbili usiku anafunguliwa, anapewa sinia zima la ugali kwa mkupuo, anafakamia, anakunywa ndoo ya maji, anaanza kuzunguka ukuta. Kwa mbwa mwenye kifua kirefu, tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota kwenye shina lake. Damu inakatika. Utaona tumbo limevimba na kukaza nyuma ya mbavu, mate yanamchuruzika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, anahangaika kulala na kuinuka. Hapo una saa chache, na dawa ni upasuaji. Maji ya chumvi, mafuta ya kula na maombi havitasokotoa tumbo lililojisokota.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walifuatilia mbwa wakubwa miaka ya 1990 na kukuta hatari huongezeka kwa mbwa anayekula upesi, mwenye umri mkubwa, mwenye mzazi au ndugu aliyewahi kupatwa, na, jambo lililowashangaza wengi, anayekula kwenye sahani iliyoinuliwa juu. Kwa hiyo sahani iwe chini, chakula kigawanywe mara mbili kwa mkubwa na mara tatu au nne kwa mtoto, na kama anafakamia, mtandazieni kwenye sinia pana au wekeni jiwe kubwa safi katikati asiloweza kumeza. Kuhusu kukimbia baada ya kula, ushahidi wake si mzito kama wa hayo mengine, lakini mimi bado humpumzisha saa nzima. Na leo hii, kabla hata hamjanunua, tafuteni zahanati ya mifugo iliyo karibu nanyi inayopokea simu usiku na yenye uwezo wa kupasua. Wa Dar mna bahati. Mikoani nawaambia watu wafikirie upasuaji wa kulishikiza tumbo kwenye ukuta wa ndani wa mwili mapema ili lisijisokote, siku mbwa anapohasiwa.

Mazoezi ya mtoto wa mbwa ni kucheza mwenyewe kwenye nyasi na kutembea pole pole. Asiruke kutoka kwenye pikapu, asipandishwe ngazi za ghorofa kila siku, asikimbizwe nyuma ya baiskeli kabla ya miezi 18. Ndani ya banda, saruji tupu humchubua viwiko hadi vinaota sugu na wakati mwingine kujaa maji. Mwekeeni mbao zilizoinuliwa kidogo na mpira au gunia juu yake, na gunia hilo likifuliwa lianikwe juani hadi likauke kabisa au lipigwe pasi, kwa sababu kuna nzi hutaga humo na funza wake huingia kwenye ngozi ya mbwa, hata ya mtoto.

Joto la Dar, na unyevu wake wa Februari, ni adui wa mbwa mwenye mwili mkubwa. Kivuli cha mti kinazidi bati. Maji yasikauke. Matembezi kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mkimkuta anahema kwa fujo, ulimi umekuwa mwekundu sana, anayumba, mmwagieni maji ya bomba mwili mzima na kumpepea hapo hapo, ndipo mumpakie kwenye gari. Ndiyo maana, kabla hujauliza, yule mbwa wa Caucasus mwenye manyoya kama blanketi anayeuzwa siku hizi mitandaoni sipendi hata kumwona pwani.

Chanjo ni habari fupi: ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, zirudiwe kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, kisha baada ya mwaka. Ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, na kila mwaka msiache. Dawa ya minyoo kila wiki mbili akiwa mdogo hadi miezi mitatu, halafu kwa ratiba ya daktari wenu.

Kupe ndio hasa wanaowaua mbwa wa kigeni hapa kwetu, kwa magonjwa wanayowaambukiza. Mbwa wa kienyeji amerithi ustahimilivu fulani, huyu hana. Homa, ufizi uliopauka au wa njano, mkojo wa rangi ya chai, damu puani: msisubiri kesho. Wala msimwite jirani mwenye ng'ombe amchome sindano. Dawa ambayo ng'ombe huchomwa kwa magonjwa ya namna hii ina nafasi nyembamba sana kati ya dozi ya kutibu na dozi ya kuharibu ubongo wa mbwa, na hupimwa kwa kilo, tena kwa mzani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ibaki kwa ng'ombe. Kwa mbwa zipo za kumeza na za kudondosha mgongoni, ni ghali kwa mnyama wa kilo 65 kwa kuwa dozi hufuata uzito. Hiyo nayo ingieni nayo kwenye hesabu ya shemeji.

Niliahidi kukwambia ningefanya nini. Wezi wengi wanaoruka kuta huogopa zaidi kelele kuliko meno, maana kelele huamsha watu. Mbwa wawili wa kienyeji, waliochanjwa, wanaolala karibu na nyumba na kupendwa na watoto, pamoja na taa nzuri, hutoa kelele hiyo kwa robo ya gharama. Boerboel huongeza kitu kimoja: anaonekana. Mtu akichungulia getini mchana akamwona, anaenda nyumba nyingine. Lakini nyama yenye sumu ikirushwa juu ya ukuta inamuua yeye sawa na mbwa yeyote, kwa hiyo awaye yote mtakayemchukua afundishwe kula kwenye sahani yake tu, na usiku asilale kwenye kona ya ukuta wa nyuma bali mlangoni kwenu. Kama mnataka mbwa mkubwa ila muda ni wa wastani, German Shepherd jike, wa kilo 25 hadi 32, mwepesi wa kufundishika, angenifaa kuliko Boerboel. Rottweiler ni wa katikati, ila kwake chanjo ya parvo msichelewe hata wiki moja, ugonjwa ule huwashika sana.

Mkiamua bado ni Boerboel, chukueni jike. Ni mdogo kidogo na kwa kawaida rahisi zaidi kwa anayeanza. Msimhasi mapema ili "atulie"; watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikuta Rottweiler waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo zaidi, na mwili huu ni wa aina hiyo hiyo. Subirini karibu miezi 18, na hapo katikati akiingia joto mfungieni ndani vizuri.

Mkienda kwa muuzaji, nendeni na watoto wenu na mwombe kumwona mama wa watoto hao wa mbwa akiwa nje ya banda. Mama akiwarukia wavu kwa hasira hadi muuzaji mwenyewe hathubutu kumshika, rudini nyumbani, kwa sababu hofu hurithiwa. Ulizeni eksirei ya nyonga na viwiko vya wazazi. Hapa kwetu wachache wanazo, ila jibu la muuzaji litawaambia mengi. Asiyejua swali lenyewe huwa anauza rangi na kichwa. Wengi wanaoitwa Boerboel hapa mjini ni mchanganyiko, na mimi sina ugomvi na mchanganyiko, nina ugomvi na bei. Mtazameni mtoto wa mbwa akitembea, kope zisiwe zimejikunja kuelekea ndani ya jicho, tumbo lisiwe limejaa minyoo kama ngoma. Kadi ya chanjo iwe na lebo za chupa zilizobandikwa na muhuri wa daktari, siyo tarehe za kalamu pekee. Muuzaji akijitolea kumkata mtoto huyo wa mbwa masikio bure, kataeni.

Na huyo wa wiki sita msimchukue sasa. Wiki hizi mbili zinazofuata ndizo anazofundishwa na mama na ndugu zake kwamba meno yanauma na kwamba kuna kuyazuia, somo ambalo nyinyi hamwezi kumpa vizuri kama wao. Lipeni kishika nafasi, nendeni mkamtembelee, mkamchukue akitimiza nane. Muuzaji akisema lazima aondoke wiki hii, mwacheni ampeleke kwa mwingine.